Mwanza kwa Miguu: Historia ya Jiji la Mawe kwa Biharusi Anayetoka Visiwani



Kila ukiingia mfungo mosi simu zetu hazilali. Sisi tunashona nguo za harusi hapa Mwanza, na miongoni mwa wateja wetu wapo mabiharusi wa Unguja na Pemba wanaoolewa na vijana wa huku. Tukishamaliza habari ya vipimo, rangi ya shela na idadi ya magauni ya wifi, maswali yanayofuata huwa ni yale yale. Huko kuna Waislamu? Kuna chakula tunachokijua? Kuna pa kupiga picha? Wengine wameshaambiwa na mashangazi kwamba wanapelekwa "bara", na neno lenyewe linatamkwa kama vile ukishavuka bahari historia imekwisha.

Leo tunataka kuwajibu wote kwa pamoja. Tumechagua kuwatembeza Mwanza kwa miguu, maana jiji hili ukilipita ndani ya gari unaona mawe na pikipiki tu. Ukitembea unaona majina ya watu kwenye kuta, unasikia harufu ya bizari, na unaanza kuelewa kwamba njia iliyojenga mji huu sehemu yake kubwa ilianzia kwenu.

Kabla ya kuvaa viatu: njia iliyotoka pwani

Katika karne ya 19 misafara ya biashara ilikuwa ikijiandaa Unguja, inavuka hadi Bagamoyo, kisha inapanda kwa miguu mpaka Kazeh, ambayo ndiyo Tabora ya leo. Pale waliishi wafanyabiashara Waarabu na Waswahili katikati ya Wanyamwezi, ambao walikuwa mabingwa wa kubeba mizigo ya masafa marefu. Mwaka 1857 Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, walifika Kazeh wakiwa hoi. Mmoja wa waliowapokea na kuwasitiri alikuwa mfanyabiashara Mwarabu aitwaye Snay bin Amir. Ni huyo aliyewaeleza kwamba kaskazini kuna ziwa kubwa kuliko Tanganyika.

Mwaka uliofuata Burton alibaki Kazeh na Speke akatoka kwenda kulitafuta ziwa hilo. Tarehe 3 Agosti 1858, akiwa juu ya kilima karibu na hapa tulipo, akaliona. Akalipa jina la malkia wake, Victoria. Vitabu vya shule vilituambia kwamba "aligundua". Lakini Wasukuma, Wazinza na Wakerewe walikuwa wanavua humo tangu enzi za mababu, wenyewe wakiliita Nyanza, na wafanyabiashara wa pwani walikuwa na habari zake zote. Speke aliongozwa mpaka mlangoni.

Tena hakuwa peke yake. Pembeni yake alikuwepo Sidi Mubarak Bombay. Huyu alikuwa Myao. Alikamatwa akiwa mtoto, akauzwa utumwani, akapelekwa India, na bwana wake alipofariki akapata uhuru na kurudi Zanzibar. Yeye na Speke walikuwa wakielewana kwa Kihindustani. Hebu fikiria: Mwafrika na Mzungu wamesimama juu ya jiwe la Usukuma, wanazungumza lugha ya Bara Hindi.

Miaka 17 baadaye, Februari 1875, Henry Morton Stanley alifika Kageye, kijiji cha ufukweni kaskazini mwa Mwanza. Huko akamkuta mfanyabiashara kutoka pwani, Sungoro, ameshapiga makazi na anaunda jahazi la kutumia humu ziwani. Jahazi, dada zetu! Chombo mnachokijua ninyi, mamia ya kilomita kutoka kwenye maji ya chumvi.

Hapa lazima tuseme ukweli wote, maana historia ya nusu ni kama gauni lililoshonwa upande mmoja. Njia hiyo hiyo iliyoleta kanzu, mpunga, Kiswahili na adhana ndiyo iliyopeleka pembe za ndovu na watu waliofungwa hadi sokoni Unguja. Bombay mwenyewe alipitia utumwa. Baadhi ya waliofanya biashara ile walikuwa watu wanaosali kama sisi. Tunalitaja kwa sababu biharusi wa kisiwani anayeingia katika ukoo wa Kisukuma au wa Kimanyema anaweza siku moja kulisikia neno hilo likitajwa jikoni, kwa utani au kwa uchungu. Ni vizuri alijue kabla, awe na subira na jibu la heshima, asianze kulibishia.

Jiwe lenye jina la mgeni

Sasa vaa viatu vya chini, chukua maji, tutoke. Tunaanzia ufukweni, karibu na kivuko cha Kamanga, asubuhi mapema kabla jua halijawa kali. Mbele yako, ndani ya maji, kuna mawe makubwa yamepangana, na moja limesimama juu ya mengine kama limewekwa na mkono wa mtu. Hilo ndilo Jiwe la Bismarck. Ukiona picha ya Mwanza popote, kwenye kalenda au kadi ya mwaliko, huwa ni hilo.

Maharusi wote hupiga picha hapa. Sisi wenyewe tumeshainamia pindo za magauni mengi mahali hapa, tukiyaepusha na matope. Lakini ni wachache wanaouliza Bismarck ni nani. Otto von Bismarck alikuwa kansela wa Ujerumani. Mkutano wa Berlin wa mwaka 1884 hadi 1885, ambapo mataifa ya Ulaya yaliwekeana taratibu za kujigawia Afrika, ulifanyika chini ya uenyekiti wake. Hakuwahi kukanyaga Mwanza. Wajerumani walipoweka kituo chao hapa mwaka 1892, yeye alikuwa ameshaondoka madarakani tangu 1890. Jiwe limekaa hapo kabla ya sultani yeyote na kansela yeyote, halafu likapewa jina la mtu ambaye hakuwahi kuliona.

Hatusemi msipige picha. Pigeni, mandhari ni nzuri na jua la jioni linalipaka jiwe rangi ya dhahabu. Tunachosema ni kwamba ukimwonyesha mwanao picha hiyo baadaye, uwe na la kumweleza.

Ukitazama kuvuka maji utaona kisiwa kidogo chenye mawe na miti. Hicho ni Saanane, na jina lake lina hadithi tofauti kabisa. Kimeitwa kwa jina la mwenyeji, Mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima aliyekuwa akiishi pale. Mwaka 1964 kisiwa kikafanywa bustani ya wanyama, na mwaka 2013 kikawa Hifadhi ya Taifa, ndogo kuliko zote nchini. Kwa boti ni dakika chache tu kufika. Pimbi wamejaa juu ya mawe, wanakutazama bila wasiwasi. Majina mawili yanatazamana majini: moja la mtawala wa mbali, jingine la mzee aliyekuwa akitega nyavu zake hapo hapo.

Nyumba zenye tarehe usoni

Tukiacha ufukwe tunaingia mjini, kwenye mitaa ya zamani ya biashara: mtaa wa Temple na jirani zake, mpaka Makoroboi. Hapa usitazame chini kwenye bidhaa tu. Inua macho juu ya vibao vya maduka ya simu. Utaona nyumba za ghorofa moja au mbili, duka chini na familia juu, roshani zenye vyuma vilivyokunjwa kwa maua, madirisha yenye matao, na juu kabisa, kwenye saruji, pamechongwa jina la mwenye nyumba na mwaka wa kujenga. Aliyetoka Darajani hatajiona mgeni. Ni ndugu wa nyumba za kwao.

Na kweli ni ndugu. Wafanyabiashara wengi wa Kihindi walioingia kanda ya ziwa walipitia Zanzibar kwanza. Anayejulikana zaidi ni Allidina Visram, Mwismailia kutoka Kutch, aliyekuja Afrika Mashariki akiwa kijana mdogo, akaanzia pwani, kisha akafungua maduka kufuata njia ya misafara hadi kuzunguka ziwa hili. Reli ya Uganda ilipofika Kisumu mwaka 1901, Mwanza ikabadilika ghafla. Ngozi, karanga na mchele vikaanza kupakiwa kwenye meli kwenda Kisumu, na kutoka pale kwa treni hadi Mombasa. Safari iliyokuwa ya miezi kwa mguu ikawa ya siku. Mwaka 1928 reli ya kutoka Tabora nayo ikafika hapa, na mji ukawa na milango miwili, mmoja wa maji na mmoja wa chuma.

Hiyo ndiyo sababu ukitembea dakika chache tu katikati ya mji unapita msikiti wa Sunni, jamatkhana la Waismailia, msikiti wa Mashia Ithnaasheri, hekalu la Wahindu na gurudwara ya Makalasinga, na kila mmoja anafungua duka lake saa ile ile. Jirani wa duka lako anaweza kuwa Msukuma Mkatoliki, au Bohora ambaye mkewe amevaa rida yake yenye lesi pembeni. Tunaoshona tunajifunza mengi kwa kutazama tu. Kuna mishono ya kujisitiri ambayo tumeiona kwanza kwa akina mama wa Kibohora, tukaigeuza kidogo, na leo mabiharusi wetu wanaipenda.

Barazani mwa maduka hayo ndipo ushonaji wa mji huu ulipokulia. Mwenye duka la vitambaa alikuwa ndani na mita yake, na fundi mwenye cherehani ya miguu alikuwa nje barazani. Mteja ananunua kitambaa ndani, anatoka hatua mbili, anapimwa. Mpaka leo wapo mafundi wazee wanaofanya kazi hivyo. Ukipita, wasalimie. Kwa Kisukuma asubuhi tunasema "mwangaluka", mchana "mwadila". Utaona wanavyotabasamu kwa biharusi wa pwani aliyejua kusalimia.

Jina la Makoroboi nalo ni historia ya kazi za mikono. Koroboi ni kile kibatari kinachotengenezwa kwa kopo, na mafundi wa eneo hili, katikati ya mawe, walikuwa wakiyatengeneza kutokana na makopo yaliyotupwa. Mtaa mzima ukabeba jina la taa ya maskini.

Pengine utauliza kwa nini nyumba nyingi nzuri zimechakaa hivi. Jibu moja lipo mwaka 1971. Mwaka huo serikali ilipitisha sheria ya kutaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, nayo yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Nyumba nyingi zilizochukuliwa zilikuwa za Wahindi, na familia nyingi zikaondoka kwenda Uingereza na Canada. Wenzetu wa Mji Mkongwe mnaijua vizuri habari ya nyumba kubadilisha mwenyewe kwa siku moja. Aliyehamia hakuwa na uchungu na roshani, na aliyekuwa na uchungu nayo alikuwa mbali.

Lakini kuna tofauti moja kubwa. Mji Mkongwe uliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000. Mwaka huo huo Mwanza ilipewa hadhi ya jiji. Kwenu, mtu akitaka kubomoa nyumba ya zamani kuna wa kumuuliza maswali. Kwetu, ukuta wenye tarehe unaweza kuwepo Ijumaa, na Jumatatu ukakuta mabati yamezungushwa na ghorofa la vioo limeanza kuchimbiwa msingi. Hatulaumu anayejenga, biashara inahitaji nafasi, na sisi pia tunataka chumba kisichovuja. Ila kila tarehe ikianguka, ushahidi wa nani aliujenga mji huu unapungua.

Pamba: kabla ya gauni lako

Kuna jambo moja ambalo sisi wa cherehani hatuwezi kulipita. Huku ni nchi ya pamba. Wajerumani waliitaka, Waingereza, walioutwaa mji Julai 1916, wakaiendeleza, na katika miaka ya 1930 kituo cha utafiti cha Ukiriguru, karibu na Mwanza, kikaanza kuzalisha mbegu bora. Mkulima wa Kisukuma alilima, lakini mizani ilikuwa ya mnunuzi, na mzigo ukipimwa mara nyingi mkulima aliona ameibiwa.

Ndipo akatokea kijana, Paul Bomani. Yeye na wenzake waliwaunganisha wakulima wawe na mizani yao wenyewe. Mwaka 1955 vyama vyao vikaungana kuunda Victoria Federation of Co-operative Unions, ambayo ikaja kuwa miongoni mwa vyama vya ushirika vikubwa zaidi Afrika. Fedha za pamba zilijenga vinu, zikasomesha watoto, na zikawapa nguvu watu wa kanda hii katika kudai uhuru. Bomani baadaye akawa waziri wa fedha wa kwanza Mwafrika katika nchi yetu.

Baada ya uhuru, kiwanda cha nguo cha Mwatex kikaanza kazi hapa mjini, na bibi zetu wanakumbuka kanga na vitenge vilivyotoka humo. Pamba ikichumwa kijijini, ikisokotwa na kufumwa mjini, halafu mama akijifunga nguo ambayo ameipalilia mwenyewe. Siku hizi sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania inasafirishwa nje ikiwa haijafumwa, na vitambaa tunavyowashonea tunavinunua vikitoka Uturuki, China na Dubai. Tunavishona, alhamdulillah, riziki inapatikana. Lakini biharusi akituuliza kwa nini kitambaa kimepanda bei, sehemu ya jibu imo katika historia hiyo: tunanunua kwa bei ya meli kitu kilichoota nyuma ya nyumba zetu.

Sahani nayo ina tarehe

Sasa njaa inauma. Panda bajaji hadi Kirumba, soko la Mwaloni. Huku ndiko samaki na dagaa wa ziwa wanakopakiwa kwenda mikoani na nchi jirani, mpaka Kongo. Harufu itakupokea kabla hujafika. Vumilia, ni harufu ya mahari za watu wengi.

Mwenyeji atakuagizia sato wa kukaanga na ugali, na atakuambia hiki ndicho chakula cha asili cha Mwanza. Mpole, mle, lakini jueni siri: sato naye ni mhamiaji. Yeye na sangara waliletwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, wakati wa ukoloni na mwanzo wa uhuru, ili kuongeza mavuno ya uvuvi. Wenyeji wa asili walikuwa ngege, ningu, kamongo na furu wa mamia ya aina. Sangara alipoongezeka sana katika miaka ya 1980, aina nyingi za furu zilipotea kabisa. Upande mwingine, sangara huyo huyo alijenga viwanda vya minofu hapa mjini na kuajiri maelfu ya watu, na mabondo yake yanauzwa hadi China. Ndio maana wazee wakikaa mezani hubishana kama sangara alikuwa neema au msiba. Ukikuta ngege sokoni, nunua bila kuuliza mara mbili.

Mahindi na muhogo wa ugali navyo vilitoka Amerika, vikaingia Afrika kwa merikebu za Wareno. Na mchele wenu wa pilau? Mpunga uliingia Usukuma pamoja na wafanyabiashara wa pwani katika karne ya 19. Leo mchele wa Shinyanga na Kahama unashuka mpaka sokoni Darajani. Mbegu ilipanda na misafara, na gunia linateremka na lori.

Vya asili zaidi havipo hotelini. Uliza michembe, ambayo ni viazi vitamu vilivyokatwa vibichi na kuanikwa. Kuna pia matobolwa, ambavyo huchemshwa kwanza ndipo vikaanikwa. Hivi vilikuwa akiba ya njaa, chakula cha mwanamke mwenye kupanga mambo yake. Mama mkwe akikuwekea matobolwa na karanga, usidhani amekudharau kwa kukosa biskuti. Amekupa historia ya ghala lake. Jibu lako ni siku ya kwanza kuingia jikoni mwake: mpikie pilau ya iliki na mdalasini wa kwenu. Tumeona ndoa zilizotulia kwa sahani mbili hizo kukutana.

Na jioni, rudi mjini katikati kwa kachori, sambusa na chai ya maziwa ya tangawizi. Utamu huo umetoka Gujarat, umepumzika Zanzibar, ukafika hapa.

Maji yaliyotuunganisha kwa msiba

Kuna mahali pamoja tunawaomba mpafike bila kamera mkononi. Ni makaburi ya Igoma, nje kidogo ya katikati ya jiji. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, ikitoka Bukoba kuja Mwanza, ilipinduka ikiwa karibu kufika. Mamia ya watu walipotea. Wengi walizikwa pale Igoma, Waislamu na Wakristo, wanaojulikana na wasiojulikana. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilizama karibu na kisiwa cha Ukara, na watu zaidi ya 200 wakafariki.

Ninyi hatuhitaji kuwaeleza maana yake. Mnaikumbuka MV Spice Islander, Septemba 2011, na MV Skagit, Julai 2012. Watu wa visiwa na watu wa ziwa wanajua kitu kimoja: kusimama ufukweni na kusubiri jina lisomwe. Biharusi wa Pemba akisoma Fatiha Igoma, mama wa Kimwanza aliyepoteza mtu humo hamwoni tena kuwa mgeni. Daraja la John Pombe Magufuli la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa karibu kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025, na sasa watu wanavuka ghuba ile kwa dakika chache bila kusubiri kivuko. Wengi wanaenda kulipiga picha. Wanaokumbuka wanashukuru kwanza, halafu ndipo wanatoa simu.

Picha zenye faida

Tumalizie na kile ambacho wengi mlikuja kukitafuta. Ushauri wetu, tuliojifunza kwa kusindikiza maharusi:

Saa nzuri ni kuanzia saa 12 hadi saa 2 asubuhi, na baada ya alasiri. Mchana mawe yanarudisha mwanga mkali na vitambaa vyeupe vinaungua kwenye picha.

Kwenye mawe vaa gauni lisiloburuta, na chini yake suruali nyepesi, maana upepo wa ziwa hauna adabu. Shela ibanwe kwa pini zaidi ya unavyodhani.

Kama hutaki sura yako ienee, piga picha za mikono yenye hina juu ya jiwe, za mgongo ukitazama maji, au za kivuli chako na cha mumeo kwenye ukuta wa zamani. Picha ya sitara ina uzuri wake.

Sokoni omba ruhusa. Mama wa dagaa si pambo la harusi yako. Nunua kwanza, ongea naye, halafu uliza. Bandarini na kwenye majengo ya serikali uliza pia.

Na ombi letu kubwa ni hili. Katika picha 300 za siku yako, moja tu piga mbele ya nyumba ya zamani yenye jina na tarehe, na tarehe yenyewe isomeke. Waulize wazee wa barazani nyumba ilikuwa ya nani, nani alipanga chumba cha juu, nani alishona pale nje. Andika nyuma ya picha, au kwenye simu pembeni yake. Wapiga picha wa harusi ni wengi kuliko wanahistoria katika jiji hili, na mabiharusi wanasimama mbele ya kuta hizi kila wiki. Hata nyumba ikiondoka kesho, mwaka wake utakuwa umebaki ndani ya albamu ya familia, juu ya kabati la biharusi aliyetoka kisiwani.

Mwenyezi Mungu awape ndoa zenye utulivu, na awafungulie njia kila mnapohamia. Karibuni Mwanza.

Wabillahi tawfiq.